Herufi Saba

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu,
napanda ngazi za duka la tairi, Ganjoni,
harufu ya mpira ikinifuata hadi dawatini.
Mwalimu Nzeyimana hashiki chaki;
hupiga rula ya chuma ukingoni mwa meza.
Par, pigo. Lons, pigo.
"Mbili. Na uzito mwishoni, dada. Mwishoni!"
Mimi nimeshautua kwenye par,
silabi ya pili kutoka mwisho,
nilipozoea tangu kuzaliwa,
kama mtu anayekalia kiti kilekile kila msiba.

Mchana natoa makontena ya Bukavu, bandarini.
Bwana Bahizire hunipigia kwa Kiswahili chake cha ziwani,
ila barua za madai huja kwa Kifaransa,
vitenzi vikiburura mikia.
Siku moja nilimjibu kwa lugha ya barua.
Akanyamaza. Kisha, kwa adabu:
"Mama, maneno yako yanachechemea."

Basi usiku, Kuze, meza ikishafutwa mchuzi,
navikata kwa penseli.
Fi-ni-rai: tatu, hiki hakina hila.
Man-geons: mbili,
na ile e ya katikati haisemi kitu,
imekaa tu kuilainisha g,
kama kitambaa kati ya mkono na sufuria.
Halafu parlent.
Herufi saba. Nikaandika par-lent, mbili.
Mwalimu akafuta kwa kidole gumba.
"Moja. Hizo tatu za nyuma ni za macho, si za sikio."
Nikamwambia kwetu m, t, u,
herufi tatu tu, ni silabi mbili,
na mkazo wenyewe umeukalia m, midomo imefumbwa.
Akacheka. "Buyenzi tunasema mutu.
Tuliona huruma, tukaupa irabu."

Nikajitungia ubeti wa kukumbukia:

Vitenzi vya Kifaransa, mkia umetwaliwa,
Nimeusaka kabisa, sauti haukupewa,
Mizani ikinitesa, vidole nimeishiwa,
Mkazo wao ni mwisho, wetu nyuma umekaa.

Hilo "kabisa" ni la kujazia pengo.
Baba angelisikia hata akiwa chumba cha pili.
Alipima mizani kwenye vifundo vya vidole,
nane, akameza mate, nane,
na ubeti uliopungukiwa moja
alisema unavuja.

Kisha kiharusi kikaja, kikamkata miisho.
Maji yakawa ma.
Asante ikawa asa.
Mimi, Mwanakheri, nikawa Mwanakhe,
na mkazo, ambao haukusogea hata unyayo,
ukajikuta ndio wa mwisho,
kwa kuwa baada yake hapakuwa na kitu.
Miezi saba tulimsikiliza hivyo.
Mama alikuwa akimalizia kimyakimya:
ji, nte, ri.

Sikumweleza mwalimu haya.
Nilimuuliza tu: ule mkia, kama hausemwi,
waandikiwa nini?
Akaiweka rula chini.
"Zamani ulisemwa. Ulikwisha polepole, kwa kutumika.
Lakini washairi wa kale, dada, waliuhesabu.
Ukifuatwa na konsonanti, unaamka:
par-lent, mbili, kwenye mstari.
Ila mtihanini usithubutu."

Jumamosi, chumba chenye kiyoyozi kinachodondoka ndooni,
mtahini, mama mwenye miwani ya kamba,
akaniambia nitumie kitenzi nitakacho, wakati uliopo, nafsi ya tatu, wingi.
Ils parlent, nikasema.
Mkazo ulipotakiwa. Hakuna kuchechemea.
Akaweka alama yake ya penseli.

Mdomo ulikuwa umesema moja.
Chini ya meza, kwenye vifundo,
kidole gumba kikapita mbili.